Chakula Sikukitaja

Jumatano ile ya Desemba, saa tisa na robo alasiri, Dawn Haslam alipokea simu ya arobaini na moja tangu asubuhi. Barafu ilikuwa imekalia bonde la Harle Bridge kwa siku ya tisa mfululizo, na kila mzee aliyekuwa na simu nyumbani alikuwa akiipigia halmashauri, alikofanya kazi Dawn. Viwanda vya pamba vilikuwa vimefungwa zamani katika mji ule wa kaskazini mwa Uingereza, vijana wameondoka, na waliobaki kwenye zile nyumba za mawe zilizoshikana mabega ni wazee watupu.

Dawn alikuwa na miaka thelathini na minane na sauti laini isiyo na doa. Msimamizi wake, Malcolm Peverell, alikuwa na tabia ya kuwasikilizisha wafanyakazi wapya rekodi za simu za Dawn na kuwaambia, "Sikilizeni. Huyu huwezi kujua katoka wapi." Kwa Malcolm, hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Aliyepiga alikuwa bibi. Aliongea taratibu, kama mtu aliyekatizwa usingizi.

"Niko starved, mwanangu," alisema. "Niko starved mpaka basi."

Kwenye Kiingereza cha shuleni na cha redioni, neno hilo lina maana moja tu: mtu anakufa kwa njaa. Kwenye kioo cha kompyuta ya Dawn kulikuwa na visanduku vitano: Chakula, Dawa, Nyumba Haina Joto, Usafiri, Mengineyo. Mfanyakazi akibofya Nyumba Haina Joto, fundi alitakiwa kufika mlangoni ndani ya saa mbili. Dawn akabofya Chakula. Akaandika jina, Hettie Ollerenshaw, miaka themanini na sita, Weir Terrace nyumba namba kumi na nne. Akaahidi boksi la chakula kesho yake, akaaga vizuri, akapokea simu ya arobaini na mbili.

Kesho yake, karibu na saa sita mchana, Imtiaz alimpigia. Imtiaz ndiye dereva aliyesambaza maboksi, mtu wa mizaha ambaye hakuwahi kuanza mazungumzo bila kumtania mtu. Siku hiyo hakutania.

"Dawn, umekaa?"

"Niko kazini, nisikae kwa nini? Vipi, hilo gari lako limekwama tena?"

"Yule bibi wa Weir Terrace. Nimegonga, kimya. Nikachungulia kwenye tundu la barua la mlangoni, nikaona mguu. Mguu tu, Dawn, una soksi mbili, haujongei."

Dawn akasimama bila kujijua. Waya wa hedifoni ukamvuta kichwa.

"Nimevunja kioo nikaingia. Yuko kwenye kiti, midomo ya buluu kabisa. Ndani kwake baridi kuliko nje, wallahi, maji ya kwenye glasi yameganda. Boila ya kupashia nyumba joto imekufa. Nimemfunika koti langu na zulia la sebuleni, nikaita ambulensi. Wameondoka naye sasa hivi. Hawajaniambia kama atapona."

"Na chakula?" Dawn aliuliza, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake. "Alikuwa hajala siku ngapi?"

"Chakula gani, dada? Kabati limejaa supu za kopo. Mkate upo, siagi ipo, keki ya Krismasi kaifunga vizuri na karatasi yake. Huyu hakuwa na njaa. Alikuwa starved, kama anavyosema baba yangu. Maskini bibi wa watu, alikuwa starved."

Baba yake Imtiaz alihamia Uingereza kutoka Mirpur mwaka 1964 akiwa hajui neno la Kiingereza, akaingizwa kiwandani zamu ya asubuhi, akajifunza lugha kutoka kwa akina mama waliosimama kwenye mashine zile. Kiingereza chao ndicho kilichokuwa chake mpaka leo. Na kwa akina mama wale, kama kwa wazazi wao na mababu zao, mtu aliye starved hana njaa. Ana baridi. Ana baridi iliyopita nyama ikaingia mifupani. Mwenye njaa wana neno lake jingine.

Dawn hakuhitaji kuelezwa. Ghafla alimwona bibi yake mzaa mama, Ivy, akiingia jikoni kutoka uani na kapu la nguo zilizoganda kama mbao, akiinyoosha mikono yake juu ya jiko na kusema kila majira ya baridi, miaka nenda miaka rudi: "Niko starved mie, jamani, nipisheni."

"Dawn?" Imtiaz aliita. "Dawn, upo?"

Alikuwepo. Alikuwa amesimama katikati ya watu ishirini wanaoongea na simu.

*

Saa nane Malcolm akamwita ofisini kwake, akafunga mlango. Habari ilikuwa imeshafika juu: hospitali ilisema bibi alifikishwa joto la mwili likiwa nyuzi ishirini na tisa, yuko hai kwa kudra tu. Malcolm alikuwa ameitafuta rekodi. Akaweka kompyuta katikati ya meza.

"Tusikilize pamoja," alisema. "Usiogope."

Dawn alidhani anaikumbuka simu ile. Akajisikia akisema kwa sauti yake ya sifa:

"Halmashauri ya Harle Bridge, unaongea na Dawn, nikusaidie nini?"

"Niko starved, mwanangu. Niko starved mpaka basi."

"Oh, pole sana, bibi. Mara ya mwisho umekula lini?"

"Eti?"

"Kula, bibi. Umekula lini?"

"Mchana nimekula kipande cha mkate. Sina hamu na kitu, jinsi nilivyo starved."

"Sawa. Basi kesho tutakuletea boksi la chakula, umesikia?"

Dawn akasikia kitu kinagongagonga kwenye rekodi, akadhani ni simu mbovu. Halafu akatambua. Yalikuwa meno.

"Chakula sikukitaja, mwanangu."

"Usione haya, bibi. Ni haki yako, na wengine wengi wanapata."

"Lakini mimi chakula sikukitaja. Mimi..." Kikohozi. "Basi. Ahsante. Nyinyi mna kazi nyingi."

Rekodi ikakatika. Dawn akabaki ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Maneno yale hakuyakumbuka kabisa. Bibi alikuwa amemwambia, tena mara mbili, na maneno yakapita kama upepo kwenye dirisha lililofungwa.

"Safi," Malcolm alisema, akipumua kwa nguvu.

"Safi?"

"Tumepona. Kasema neno, umelichukua kwa maana yake. Umeuliza kuhusu kula, kajibu kuhusu kula. Kamusi yoyote utakayofungua itakwambia ni njaa."

"Alikuwa na baridi, Malcolm. Anatetemeka mle, meno yanagongana!"

"Basi angesema ana baridi. Mtu akikuletea neno ambalo si neno, ufanyeje? Ukisie? Mimi nilisomeshwa Kiingereza, wewe ulisomeshwa Kiingereza. Hayo ya vichochoroni hayamo kwenye mkataba wetu." Akamsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilikuwa na sentensi chache tu, na moja ilisema: *Sikulielewa neno alilotumia mteja kwa sababu si neno la Kiingereza sanifu.* "Jumanne kuna kikao cha madiwani watatu. Weka sahihi hapa, mambo yaishe. Nakusaidia, Dawn."

Na ni kweli alikuwa anamsaidia. Malcolm hakuwa mtu mbaya. Alitoka kusini, alikuwa na miaka mitatu pale mjini, na neno lile lenye maana ya baridi hakuwahi kulisikia mpaka siku hiyo. Dawn akaichukua karatasi, akasema ataisoma nyumbani.

*

Jumamosi alikwenda maktaba. Aliomba ile kamusi kubwa, yenye majuzuu yanayojaza rafu nzima, na mkutubi akamletea juzuu la herufi ya S akiliegemeza kifuani kama mtoto aliyelala. Dawn alitafuta kwa kidole. Moyo wake ulitaka vitu viwili kwa wakati mmoja: asilikute, apone, na alikute.

Akalikuta. Lilikuwa na safu mbili nzima. Alisoma, akarudia, akarudia tena. Hapo mwanzo, zaidi ya miaka elfu moja nyuma, neno lile halikuwa na njaa wala baridi ndani yake. Lilimaanisha kufa tu, kufa kwa namna yoyote. Baadaye likagawanyika, wengine wakalitumia kwa njaa, wengine kwa baridi, na hii ya pili ikadumu zaidi kaskazini. Halikuwa neno lililoharibiwa na watu wa viwandani waliokosa shule. Walikuwa wamelitunza.

Alikaa pale, mkono juu ya ukurasa. Alikumbuka darasa, ana miaka tisa, asubuhi ya theluji, akimwambia mwalimu wake Bi Thackray kwamba yeye na dada yake walikuja wakiwa starved. Bi Thackray alimtaka aliandike neno hilo kwenye kipande cha karatasi, akikunje, aende akakitupe kwenye ndoo ya takataka mbele ya wenzake. "Hilo si neno," mwalimu alisema. "Semeni wote." Na wote wakasema. Aliporudi nyumbani na kumweleza mama yake, alitegemea kutetewa. Mama yake aliendelea kumenya viazi. "Kafanya vizuri," alisema. "Ukiongea kama bibi yako utafagia sakafu kama bibi yako."

Na tangu siku hiyo Dawn aliongea vizuri.

*

Kikao cha Jumanne kilifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu na picha za mameya waliokufa. Mwenyekiti alikuwa diwani Tattersall, mzee mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na madiwani wengine wawili, mwanasheria wa halmashauri, Malcolm, na mwandishi wa kumbukumbu, mama mmoja mkimya aitwaye Maureen, ambaye kwa miaka yote hiyo watu walimwona mikono tu.

Malcolm alieleza vizuri. Rekodi ikachezwa. Kwenye yale maneno, "chakula sikukitaja", diwani mmoja alifumba macho.

"Sasa tunayo taarifa ya mfanyakazi," Malcolm akasema, akamgeukia Dawn.

Dawn akaiweka karatasi mezani. Haikuwa na sahihi.

"Siwezi kuisaini," alisema. "Imeandikwa kwamba sikulielewa neno. Nililielewa."

Malcolm akaivuta karatasi upande wake.

"Dawn," Malcolm alinong'ona, "hujui unachosema."

"Najua. Bibi yangu alikuwa Ivy Kershaw wa Clough Street. Neno hilo nimelisikia kabla sijajua kutembea. Bibi Ollerenshaw aliposema yuko starved, kuna kitu kilinigusa hapa." Akagusa chini ya koo. "Nukta moja tu. Nilimsikia bibi yangu. Halafu nikajiambia, hilo si neno, na hapa kazini hilo ni njaa. Nikabofya."

"Unatuambia," mwanasheria aliuliza polepole, "kwamba ulijua bibi yule ana baridi?"

"Nakwambia nilijua, na nikajizuia nisijue. Sina namna nyingine ya kulisema."

Malcolm alikuwa mweupe kama karatasi yake. "Mheshimiwa mwenyekiti, huyu amechoka. Jambo lenyewe ni rahisi. Hakuna mtu anayeongea hivyo siku hizi. Ni neno lililokufa."

Tattersall hakumjibu. Alivua miwani, akageukia mwisho wa meza.

"Maureen. Samahani kukukatiza. Wewe ukisema uko starved, una maana gani?"

Maureen alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akatazama huku na huku, akaona haya mpaka shingoni.

"Baridi, mheshimiwa," alisema. "Lakini nasema nyumbani tu. Hapa kazini silisemi."

"Na wewe, Doreen?" Diwani aliyefumba macho akaitikia kwa kichwa. "Na wewe, Alan?"

"Mke wangu analisema kila siku," Alan alijibu. "Dirisha likiachwa wazi tu."

Mlinzi aliyesimama mlangoni hakuulizwa, ila alisema mwenyewe, "Baridi, bosi. Ni baridi."

Tattersall akairudisha miwani. "Mama yangu alilisema siku aliyokufa," alisema. "Hivi humu ndani aliyekuwa halijui ni nani?"

Hakuna aliyemtazama Malcolm, ingawa wote walimfikiria. Kisha jambo jingine likawaingia, mmoja baada ya mwingine, na Dawn aliliona likipita kwenye nyuso zao kama kivuli cha wingu juu ya kilima. Kwenye kile chumba cha simu walikaa watu ishirini. Kumi na sita walizaliwa bondeni. Simu ile ingeweza kumwangukia yeyote kati yao, na yeyote kati yao angebofya Chakula.

"Mungu wangu," alisema Doreen.

Maureen alikuwa ameacha kuandika.

*

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Dawn alipewa onyo la maandishi. Malcolm hakupewa kitu; majira ya kuchipua yalipofika alihamia mji mwingine, na siku ya kuondoka alimwambia Dawn, bila kinyongo, kwamba mpaka leo halali vizuri. Swali jipya liliongezwa kwenye simu zote za majira ya baridi: *Je, nyumbani kwako kuna joto?* Diwani Tattersall alitaka neno lenyewe liandikwe kwenye mwongozo wa wafanyakazi. Mwanasheria akakataa. Alisema mwongozo wa serikali hauwezi kubeba maneno yasiyo sanifu. Wakabishana kikao kizima, na halikuandikwa.

Bibi Hettie alikuwa bado hospitalini Dawn alipopata ujasiri wa kwenda kumwona. Alimkuta ameketi kitandani, mdogo, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, macho makali. Imtiaz alikuwa ameshapita asubuhi na kuacha maua na mizaha yake.

"Ndiwe wa simuni?" bibi aliuliza, mara aliposikia salamu yake.

"Ndimi."

"Nilidhani umetoka London. Nilimwambia muuguzi, msimlaumu yule binti, wa London yule, maneno yetu atayajulia wapi?"

Dawn angeweza kunyamaza. Alitamani kunyamaza. "Mimi wa Clough Street," alisema. "Mjukuu wa Ivy Kershaw."

"Ivy wa kiwanda cha mtoni?" Bibi aliinua mgongo kutoka kwenye mto. "Ivy Kershaw nimesimama naye mashine moja miaka kumi na mmoja! Mjukuu wa Ivy hajui starved?"

"Nilijua."

Bibi Hettie alimkazia macho. Kwanza kama hakusikia. Halafu uso ukabadilika taratibu, na Dawn, aliyekuwa amejiandaa kwa hasira, aliona kitu kilichomtisha zaidi ya hasira. Bibi alikuwa ameshtuka kama mtoto aliyepigwa na mtu wa kwao.

"Ulijua," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Nilipoweka simu chini, unajua nilifanya nini? Nilikaa pale nikajiambia, Hettie, umezeeka, maneno yako yameoza, watu hawakuelewi tena. Nikawa natafuta jingine la kukwambia. Lipo, hata mtoto wa chekechea analo. Lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza kulala. Nikatafuta, nikatafuta, sikulipata." Akashusha pumzi. "Nikasema, basi, nimwache binti wa watu afanye kazi yake."

Machozi yalimtoka Dawn, akayaacha. "Nisamehe," alisema, na bila kukusudia alilitamka kwa lafudhi ya kwao, ile ya jikoni kwa Ivy, ambayo mdomo wake ulikuwa haujaigusa kwa karibu miaka thelathini.

Bibi aliisikia.

"Leo siwezi," alijibu. "Usinilazimishe. Vuta kiti."

Dawn akavuta kiti. Akakaa mpaka ilipolia kengele ya wageni kuondoka. Alirudi Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata, na zote zilizobaki mpaka mwezi wa tatu, mpwa wa bibi alipokuja kumchukua aende akaishi naye mji wa Burnley. Neno la msamaha halikutoka hata siku moja. Lakini muuguzi akiuliza mgeni yule ni nani, Bibi Hettie alijibu kabla Dawn hajafungua kinywa:

"Wa kwetu. Wa kina Ivy."